Kwa Nasra, Kabla Sijaingia Mikumi

Mwanangu Nasra,

Nakuandikia nikiwa Doma, kwenye benchi la mama muuza chai, pembeni mwa barabara kubwa itokayo Morogoro kwenda Iringa. Mbele yangu ni hifadhi ya Mikumi. Barabara inapita katikati yake, lami moja tu, kilomita kama hamsini, na mimi nataka kuipita kwa baiskeli. Wewe uko Kisarawe kwa bibi yako, mama wa baba yako, unaachishwa ziwa. Kusoma hujui. Hata "baiskeli" hujaweza kusema, unasema "keli". Lakini leo nina muda wa kungoja na hapa hakuna anayesema na mimi, basi nasema na wewe.

Wenzangu wa safari wamenisusa kwa sababu nimefungua tairi la mbele la baiskeli yangu na nimeliweka hapa chini ya benchi, katikati ya miguu yangu. Nitakueleza.

Mambo ya mwanzo wewe hutayakumbuka, kwa hiyo nayakumbuka kwa ajili yetu wawili. Ulikuwa mtoto wa kulia mchana. Usiku ulilala vizuri, Mungu akupe heri, lakini adhuhuri, nikiwa kwenye cherehani nashona sare za shule za watu, ndipo ulipoanza. Nilikubeba mgongoni, nikakubeba mbele, nikakuimbia, wapi. Siku moja baba yako aligeuza baiskeli yangu ya zamani matairi juu pale sebuleni kwetu Tangini, Kibaha, ili atie cheni mafuta. Akalizungusha tairi la nyuma kwa kidole. Likalia trrr, trrr, ukanyamaza. Ukazitazama zile spoku zinavyometameta mpaka macho yakaanza kulegea. Tangu siku hiyo baiskeli ikawa haisimami tena, imekaa kichwa chini katikati ya nyumba, wageni wakiingia wanaizunguka kama meza. Nakunyonyesha huku nazungusha tairi kwa mguu, cherehani inanisubiri. Jirani yetu mmoja alichungulia mlangoni akauliza kama hiyo ndiyo dawa ya kienyeji ya huko kwetu.

Ni wewe basi uliyenirudisha kwenye baiskeli. Kwa sababu nilipokuwa nazungusha tairi lile kila siku, nilianza kuwaza, hivi mimi mara ya mwisho nilikaa lini juu ya hiki kitu nikaenda mahali?

Dada Pili ana saluni ya nywele karibu na kwetu. Jumapili asubuhi alikuwa anaendesha na Neema, binti wa Singida anayeuza duka la vipodozi, mcheshi asiyejua kunyamaza. Walipata baiskeli za mbio, za mtumba, zile za matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Dada Pili akaniambia iko ya tatu, mwenyewe amehama. Nikawa natoka nao, baba yako anabaki na wewe. Mara ya kwanza tulikwenda Mlandizi na kurudi, nikafika nyumbani nimelowa maziwa mpaka kiunoni. Neema alicheka mpaka akakaa chini. Akasema wenzetu wanabeba chupa za maji, Mama Nasra anakuja na madafu yake.

Safari hii ilizaliwa saluni. Dada Pili alisema anataka kwenda mbali, mahali ambapo ukifika unajua umefika. Akataja Mikumi. Wateja waliokuwa wamekaa na rola kichwani wakaanza kuuliza. Mnachangisha? Ni mbio za ugonjwa gani? Kuna zawadi? Mnaonekana kwenye televisheni? Dada Pili akajibu hapana, hapana, hapana. Basi mwanamke mmoja akasema, kwa huruma kabisa, kwamba labda tuombewe.

Lakini Dada Pili alipoeleza kwamba mle ndani ya hifadhi mtu hatakiwi kusimama hovyo, hakuna kushuka, hakuna kukaa chini ya mti, ni kwenda tu mpaka utokee ng'ambo ya pili, moyo wangu ulifanya kitu. Nasra, tangu nimekuzaa sijawahi kumaliza kitu bila kukatizwa. Chai yangu inapoa. Swala yangu unaikalia. Mshono naufumua mara tatu. Nikasikia kuna mahali duniani ambapo ni marufuku kunisimamisha. Nikasema nami nimo.

Usidhani nilikuwa nakukimbia. Au sawa, nilikuwa nakukimbia kidogo, umbali wa siku nne tu, halafu narudi.

Kupanga ndiko kulikotuumiza. Kutoka Kibaha mpaka Chalinze, Chalinze mpaka Morogoro, Morogoro mpaka hapa Doma, hayo yalikuwa mepesi. Mume wa Dada Pili, shemeji Hamisi, atakuja nyuma yetu na kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, amebeba maji, mipira ya akiba na godoro. Ugomvi ulikuwa hifadhini. Sasa hivi ni kiangazi, mvua hazijanyesha, nyasi zimeungua, mle ndani tunaambiwa mmebaki majivu na miiba na upepo wa moto, jangwa tupu. Ukiingia mchana, jua linakuchoma na huna ruhusa ya kukimbilia kivuli. Ukiingia alfajiri, ubaridi upo, lakini ndio wakati wanyama wanavuka barabara kufuata maji, na ndio wakati madereva wa malori waliokesha wanasinzia. Chagua.

Dada Pili alichagua alfajiri. Alisema mnyama ana akili zake, jua halina.

Baba yako kabla hajamwoa mama yako alikuwa utingo wa lori la Tunduma. Njia hii anaijua. Si mtu wa kusimulia, lakini jioni ile nilipomwambia alizima redio. Akasema waliwahi kukuta lori la mbele yao limegonga nyati, kabla ya jua kuchomoza, na dereva alikuwa bado ameshika usukani. Nilimngoja aniambie nisiende, nami nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yote nimeyapanga. Hakuniambia. Alikutazama wewe, ulikuwa umelala na kidole mdomoni, kisha akasema, "Tembo hajui kama wewe ni mke wa mtu. Nenda, lakini usiingie mle kabla ya saa nne. Jua likuchome, usiku usikukute, na alfajiri usiingie. Niahidi."

Nikamwahidi.

Ikabaki habari yako. Ulikuwa na mwaka na miezi minane, na bado kunyonya ilikuwa ndiyo kazi yako ya kwanza. Siku nne bila mimi usingekubali. Tukakubaliana mimi na baba yako kwamba umefika wakati, uende Kisarawe kwa bibi uachishwe, kama alivyoachishwa baba yako na shangazi zako wote. Bibi yako alikupokea kwa mikono miwili, akakuweka kiunoni, halafu akanigeukia mimi. Akasema mtoto ana haki yake ya miaka miwili, mimi naikata kwa ajili ya kwenda kutimua vumbi na wanawake wasio na kazi. Baba yako akamwambia kwa adabu kwamba dini inaruhusu kupunguza ikiwa baba na mama wameridhiana, na sisi tumeridhiana. Bibi akasema ndiyo, mmeridhiana, mtoto mmemuuliza?

Nilirudi Tangini nimefunga kifua kwa kanga. Siku zile za kwanza matiti yalikuwa mawe. Huwezi kuelewa mpaka uwe mkubwa. Nikisikia mtoto wa jirani analia, maziwa yanatoka yenyewe. Na baiskeli ya mbio inakulaza kifudifudi juu ya usukani, kila tuta la barabarani nililisikia kifuani. Kwenye mipango yetu yote, wapi tutanywa maji, nani ataongoza, tukipata pancha tufanye nini, hakuna aliyepanga hilo.

Sasa nifike kwenye kosa. Unajua desturi, au utaijua: mtoto akipelekwa kuachishwa, mama haonekani. Akionekana hata kwa mbali, kazi yote inaanza upya. Mimi nilikaa wiki moja na siku kadhaa nikashindwa. Nikajidanganya kwamba ninahitaji zoezi la mlima. Nikashika barabara ya kwenda Dar, nikakunja kulia kuelekea Kisarawe, nikapanda vile vilima vya mwisho nimetoa ulimi nje. Mpango wangu ulikuwa niiache baiskeli kwenye mihogo, nizunguke nyuma ya jiko la bibi, nikuone kwa upenyo wa makuti, niondoke. Nikuone tu kama umekonda.

Lakini mwili una mazoea yake, mwanangu. Nilipofika kwenye kona ya uwanja wa bibi, kidole gumba kikapiga kengele. Kama ninavyopiga kila siku nikirudi nyumbani. Kringi. Mara mbili.

Nikasikia sahani imeanguka. Kisha miguu. Ulikuja huku unakimbia upande upande, mchanga mpaka kwenye kope, unaita "keli, keli", wala si mama. Ulinikumbatia goti. Halafu ukainua macho, ukanitambua vizuri, ukaanza kupanda. Mkono mmoja ukaingia shingoni mwa fulana yangu, unatafuta.

Bibi yako alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Alikuwa anangoja nikupe.

Na mimi maziwa yalikuwa yameshashuka, yanapenya kanga. Ningekaa pale chini ya mkorosho, ningekupa, ungelala, na mimi ningelala, na hakuna mtu Kibaha nzima ambaye angenilaumu. Nikaushika mkono wako nikautoa. Nikakuambia, "Ziwa limekwisha, Nasra. Mama yupo, ziwa hakuna." Ukanipiga. Ulinipiga usoni kwa kiganja, mara nyingi, ukalia mpaka sauti ikakatika, ukarudi nyuma ukajitupa mchangani. Nikakaa na wewe mchangani. Sikukupa na sikuondoka. Ulipochoka nilikupa maji kwenye chupa yangu ya baiskeli, ile ya kubonyeza, ukanywa kwa hasira huku unanitazama kama mtu unayemdai. Ukalala juu ya mguu wangu. Jua lilihama kutoka mkorosho mpaka jikoni, mguu wangu ukafa ganzi, nikaogopa kuujongeza.

Bibi alikuja kukuchukua. Nilidhani atanitukana, na haki anayo. Alikuweka begani, akapangusa mchanga kwenye nywele zako, akaniambia taratibu ili usiamke: "Haya, nenda kwa simba wako. Lakini ukifa huko, Mama Nasra, mimi maziwa sina."

Nilicheka. Naye akacheka, kidogo, pembeni ya mdomo. Kisha wote tukaacha kucheka kwa wakati mmoja, kwa sababu halikuwa jambo la kucheka. Nilimwamkia, maana tangu nifike sikuwa nimemwamkia, nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba, mpira wako wa nyuma umelegea, ujaze upepo. Kweli ulikuwa umelegea.

Niliteremka vilima vya Kisarawe bila kukanyaga pedeli, nimeshika breki mpaka vidole vikauma. Tangu siku hiyo sijakuona.

Safari yenyewe mpaka hapa ilikwenda. Chalinze tulikula wali na samaki, Morogoro tulilala vizuri. Lakini jana, kutoka Morogoro kuja Doma, jua lilitupiga isivyo kawaida. Lami ilikuwa inameta kama maji. Neema, yule asiyenyamaza, alinyamaza. Nikajua kuna jambo. Kabla hatujafika alishuka kwenye baiskeli akatapika, misuli ya mapaja ikamkaza, tukamlaza kivulini tukamnywesha maji ya chumvi na sukari. Alipopata nguvu jambo la kwanza alilosema ni kwamba twiga wakimwona hivi watamcheka. Lakini midomo yake ilikuwa myeupe.

Ndiyo maana jana jioni Dada Pili alishikilia ile alfajiri yake. Alisema tukiingia tena kwenye jua lile, Neema hatoki. Tutoke hapa alfajiri, tuwe Mikumi mjini kabla jua halijapata meno. Shemeji Hamisi hakupinga. Neema alisema popote. Nami nikasema mimi naingia saa nne au siingii. Dada Pili akadhani ni maneno ya uchovu.

Asubuhi hii kulikuwa bado na kiza chembamba tulipokunywa chai. Dereva mmoja wa lori, anatoka upande wa Mikumi, alisimama kupima matairi. Akatutazama na kofia zetu za plastiki na suruali zetu za kubana, akauliza mnakwenda wapi, dada zangu. Tukamwambia. Akasema tembo wako barabarani, familia nzima, wana mtoto mdogo, yeye alishindwa kupita, alikaa amezima taa mpaka wakampa upenyo. Akasema hivyo kwa kawaida tu, kama mtu anayesema kuna foleni Ubungo. Akanywa chai yake akaondoka.

Dada Pili akasema tembo watakuwa wameshapita tukifika. Akavaa glavu. Shemeji akawasha gari. Mimi nikachukua spana kwenye sanduku lake, nikalegeza nati, nikalitoa tairi langu la mbele nikaja nalo hapa kwenye benchi nikakaa.

Gari ni moja, Nasra. Haliwezi kuwa nyuma yao mle ndani na kubaki na mimi huku. Mmoja akigoma, wote wamegoma. Nililijua hilo nilipokuwa nalegeza ile nati.

Dada Pili alikuja akasimama mbele yangu. Huyu ni mtu aliyenitoa ndani ya nyumba nilipokuwa siwezi hata kuchana nywele. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nina roho ya woga na nimeipamba kwa jina la mtoto. Akaniambia Neema akianguka mle ndani saa sita mchana, asitafutwe mtu mwingine wa kulaumiwa, ni mimi. Nikamjibu, "Ni mimi, dada. Najua. Jua tunaweza kummwagia maji. Tembo mwenye mtoto tutammwagia nini?" Akaenda kukaa kwenye gari, akafunga mlango.

Sijui kama niko sahihi. Nakuandikia ukweli huu kwa sababu siku moja utakuwa mtu mzima na utadhani mama yako alikuwa anajua anachofanya. Tangu jua litoke namtazama Neema. Amelala kwenye godoro nyuma ya kirikuu, nguo yenye maji usoni. Kila nikisikia jua linaanza kuuma mkononi mwangu, namwona yeye. Nimeahidi saa nne, na saa nne hiyo hiyo ndiyo inayoweza kumwangusha. Nimekwenda mara mbili kumgusa paji la uso. Mara ya pili alifungua jicho moja akasema, "Mama Nasra, mimi si mwanao, niache nilale." Halafu akaushika mkono wangu, hakuuachia haraka.

Malori yanapita, yanatikisa benchi. Ukitazama huko tunakokwenda, barabara inanyooka halafu inapotea kwenye mvuke, hakuna mti wa maana.

Sasa Neema ameamka na kukaa. Ameomba chai yenye chumvi, kisha akaikataa. Nimemwambia yeye apande kwenye gari, aangalie dirishani, hakuna atakayemhesabia. Amesema ataendesha, na akizidiwa atapiga mkono na shemeji atampakia, na mimi nisimlilie. Hilo amemwambia Dada Pili pia. Tumekubaliana, yeyote akipiga mkono anapakiwa, hata mimi. Hapo zamani ningeona aibu. Leo nakwambia wazi: mama yako akilemewa, atapanda gari.

Dada Pili ameshuka. Amejaza chupa zote, na yangu. Ameloanisha kanga tatu kwa maji, ametuvalisha shingoni mmoja mmoja, mimi wa mwisho, amekaza fundo kuliko ilivyohitajika. Kisha amesema, "Funga tairi lako, mama. Kama ni kuungua, tukaungue."

Nalifunga. Nati imekaa, nimeijaribu mara tatu.

Barua hii namwachia mama muuza chai mpaka tutakapopita kurudi. Nikiipitia mwenyewe, nitaikunja nikuwekee mpaka uwe na akili ya kuisoma, na huenda tukacheka. Nisipoipitia, mtu mwingine atakuletea, na watakuwepo watakaokuambia kwamba mama yako aliacha kukunyonyesha akaenda kuchezea roho yake. Uwasikilize, wana haki ya kusema. Kisha uwaulize aliingia saa ngapi. Watu wote wenye akili zao walitaka kuingia kwenye ubaridi. Mimi niliwachelewesha, wakaninunia, nikakaa hapa peke yangu nangoja jua lipande, kwa sababu yako.

Limepanda. Tunakwenda.

Ule, ulale, umsikilize bibi.

Ni mimi, mama yako